Kinyama na Picha: Jinsi Uvimbe Unavyopewa Jina Lake

Uvimbe hauna jina mpaka uchunguzwe. Mwanamke wa Simbo aliyegusa kitu kigumu kwenye titi, mvuvi wa Ujiji aliyevimba mitoki ya shingo, na mtoto wa Kalinzi ambaye taya lake limefura katika muda wa wiki mbili, wote wanabeba swali moja: hiki ni nini? Macho ya tabibu hayawezi kulijibu peke yake, wala vidole vyake, wala picha ya mashine iliyo bora kuliko zote. Katika magonjwa mengi ya uvimbe, jibu la hakika hupatikana pale tu sehemu ndogo ya uvimbe wenyewe inapotolewa mwilini, ikawekwa chini ya hadubini na kusomwa na mtaalamu. Kitendo hicho huitwa biopsi. Katika hospitali za Tanzania wengi hukiita kwa jina jepesi: kuchukua kinyama.

Makala haya yanaeleza aina za biopsi, picha zinazouongoza mkono wa daktari wakati wa kuifanya, na njia anayopita mgonjwa hadi kupata majibu. Jambo la kushika tangu mwanzo ni hili: picha huonyesha mahali, kinyama hutaja jina, na vyote viwili hupungua faida kila siku inayopotea. Shirika la Afya Duniani, katika mpango wake wa saratani ya matiti uliozinduliwa mwaka 2021, liliweka lengo kwamba uchunguzi, picha na biopsi vikamilike ndani ya siku 60 tangu mgonjwa alipofika kwenye huduma kwa mara ya kwanza. Kwa mkazi wa Simbo, siku hizo 60 huanza kuhesabiwa anapoketi mbele ya tabibu wa zahanati au kituo cha afya. Zinaendelea kuhesabiwa anapopanda gari kwenda Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Maweni mjini Kigoma, na ikibidi, anapovuka mkoa kwenda Bugando, Mwanza, au Muhimbili na Ocean Road, Dar es Salaam.

Kwa nini picha peke yake haitoshi

Mitoki iliyovimba shingoni ni mfano mzuri. Inaweza kuwa kifua kikuu cha tezi. Inaweza kuwa limfoma, yaani saratani ya tezi za limfu zenyewe. Inaweza kuwa saratani iliyoanzia kooni na kusafiri hadi shingoni, au mwitikio wa mwili dhidi ya maambukizi ya kawaida. Katika altrasaundi, yote hayo huweza kuonekana kama duara jeusi lenye ukubwa uleule. Lakini kifua kikuu hutibiwa kwa vidonge vya miezi 6, limfoma hutibiwa kwa dawa za saratani, na saratani iliyosafiri hutafutiwa chanzo chake kwanza. Kukosea jina ni kukosea tiba.

Hali huwa mbaya zaidi pale mgonjwa anapopewa dawa za kujaribia kabla ya kuchunguzwa. Dawa za kundi la steroidi, kwa mfano, zinaweza kuufanya uvimbe wa limfoma unywee kwa siku chache. Mgonjwa hufurahi, nyumbani huonekana amepona, na kinyama kikichukuliwa wakati huo seli za ugonjwa huwa zimefichika. Uvimbe unaporudi huwa na nguvu zaidi, na siku zilizopotea hazirudi.

Vijiji vya mwambao wa Ziwa Tanganyika vina mfano wao mwingine. Kichocho cha matumbo, ambacho huwapata watu wanaooga, kufua na kuvua katika maji yenye konokono wa ugonjwa huo, huweza kusababisha vinundu ndani ya utumbo mpana vinavyofanana sana na saratani. Mgonjwa huharisha damu na kupungua uzito. Kipande kidogo cha ukuta wa utumbo kikiwekwa chini ya hadubini na mayai ya kichocho yakaonekana bila seli za saratani, mtu aliyekuwa anasubiri kupasuliwa utumbo anaweza kurudi nyumbani na dozi ya dawa.

Aina za biopsi

Neno biopsi lilitungwa mwaka 1879 na Ernest Besnier, tabibu wa magonjwa ya ngozi wa Ufaransa, kutokana na maneno mawili ya Kiyunani yenye maana ya uhai na kutazama. Tangu wakati huo njia za kukichukua kinyama zimeongezeka, na kila moja ina kazi yake.

Ya kwanza ni sindano nyembamba ya kunyonya. Sindano inayotumika ina unene wa takriban nusu milimita, sawa na ile ya kuchomea dawa au nyembamba zaidi. Daktari huichoma kwenye uvimbe, huisogeza mbele na nyuma mara kadhaa, na seli chache huingia ndani yake. Seli hizo hupakwa kwenye kioo, hutiwa rangi na kusomwa. Njia hii ni ya haraka na ya gharama ndogo, na majibu yanaweza kupatikana siku ileile ikiwa msomaji yupo. Huwafaa wagonjwa wenye mitoki, uvimbe wa tezi ya koo, uvimbe wa tezi za mate na vifuko vya maji. Udhaifu wake ni kwamba huleta seli zilizotawanyika bila mpangilio. Ni kama kupewa matofali machache ya nyumba iliyobomolewa: unajua ilijengwa kwa nini, lakini hujui vyumba vilipangwaje.

Ya pili ni sindano nene ya kukata. Hii ina unene wa milimita 1 hadi 2 hivi, na ndani yake mna kisu kidogo kinachofyatuka kwa springi, ndiyo maana mgonjwa husikia mlio mkavu kama wa stepla. Hutoa kipande chembamba chenye urefu wa sentimita 1 hadi 2, na mpangilio wa seli hubaki kama ulivyokuwa mwilini. Kwa uvimbe wa titi hii ndiyo njia inayopendekezwa, kwa sababu kipande hicho hutosha kuonyesha kama ni saratani, ni ya aina gani, kama imevuka mipaka ya mirija ya maziwa, na kama seli zake zina vipokezi vya homoni. Taarifa hiyo ya mwisho ndiyo inayoamua kama mgonjwa atafaidika na vidonge vya kuzuia homoni kwa miaka kadhaa baada ya upasuaji. Ini, figo, tezi dume na uvimbe wa misuli navyo huchunguzwa kwa sindano hii.

Ya tatu ni biopsi ya kisu. Ikiwa uvimbe ni mkubwa, daktari hukata sehemu yake tu. Ikiwa ni mdogo au ni mtoki mmoja, huutoa mzima. Mtoki mzima ni bora pale limfoma inaposhukiwa, kwa sababu mpangilio wa tezi yote ndio unaotofautisha aina moja ya limfoma na nyingine. Hata hivyo, kisu si njia ya kuanzia kwa uvimbe wa titi pale sindano inapopatikana. Mwanamke aliyekatwa uvimbe bila kujulikana kwanza kama ni saratani mara nyingi hulazimika kupasuliwa mara ya pili, na kovu la kwanza huitatiza kazi ya pili.

Ya nne ni biopsi ya kupitia kamera. Mrija mwembamba wenye taa na kamera hupitishwa mdomoni hadi kwenye umio na tumbo, au kwa njia ya haja kubwa hadi kwenye utumbo mpana, au hadi ndani ya njia za hewa za mapafu, au ndani ya kibofu. Daktari akiona kidonda, huingiza koleo ndogo kupitia mrija huohuo na kuchota vipande kadhaa. Mgonjwa anayeshindwa kumeza ugali, kisha uji, kisha maji, anahitaji kipimo hiki bila kungoja, kwa kuwa saratani ya umio ni miongoni mwa saratani zinazoonekana sana Afrika Mashariki.

Zipo nyingine za sehemu maalumu. Kwa ngozi hutumika kijisu cha mviringo chenye upana wa milimita 3 au 4 kinachotoa kidude kama kishina. Kwa mlango wa kizazi, mhudumu hupaka siki ya kitabibu, sehemu inayogeuka nyeupe hutazamwa, na kinyama huchukuliwa hapohapo. Kwa magonjwa ya damu, uboho huchotwa kutoka mfupa wa nyonga upande wa nyuma, mgonjwa akiwa amelala kwa ubavu au kifudifudi.

Picha zinazouongoza mkono

Uvimbe unaoshikika kwa vidole unaweza kuchomwa bila mashine. Lakini uvimbe mwingi hauko juu. Uko ndani, umezungukwa na mishipa ya damu, hewa au utumbo. Hapo ndipo daktari wa radiolojia anapoingia. Kazi ya picha katika biopsi ni tatu: kuonyesha njia iliyo salama, kuonyesha ncha ya sindano iko wapi, na kuchagua sehemu ya uvimbe iliyo hai. Hiyo ya tatu husahaulika mara nyingi. Uvimbe mkubwa huwa umekufa katikati kwa kukosa damu, na sindano ikichota hapo italeta uchafu tu, kisha mgonjwa ataambiwa arudie.

Altrasaundi ndiyo mtumishi mkuu wa kazi hii. Hutumia mawimbi ya sauti, haina mionzi, haina madhara kwa mjamzito wala mtoto, na huonyesha sindano ikisogea papo hapo kwenye kioo cha mashine. Mashine zake hubebeka, hivyo hupatikana katika hospitali na hata katika vituo vya afya vingi. Ni chaguo la kwanza kwa titi, tezi ya koo, mitoki, ini na figo. Kwa tezi dume, kifaa chake huingizwa kwenye njia ya haja kubwa, na kwa kawaida vipande 12 huchukuliwa kutoka pande tofauti za tezi, kwa sababu saratani ya tezi dume huweza kujificha pembeni. Udhaifu wa altrasaundi ni kwamba mawimbi yake hayapiti kwenye hewa wala kwenye mfupa. Uvimbe uliozama katikati ya pafu hauonekani kwayo.

Mamografia ni eksirei ya titi. Ina manufaa hasa kwa wanawake waliovuka miaka 40, kwa kuwa matiti ya wasichana huwa na tishu nzito inayouficha uvimbe. Kwao altrasaundi huona vizuri zaidi. Mamografia huweza kuonyesha chembe ndogo za chokaa ambazo hazishikiki kwa kidole wala hazionekani kwa altrasaundi. Titi likipigwa picha kwa pembe mbili tofauti, mashine hukokotoa kina cha chembe hizo na kuielekeza sindano mahali hasa.

CT ni eksirei inayozunguka mwili na kutoa picha za vipande, kama mkate uliokatwa. Hiyo huwafaa wenye uvimbe wa pafu, wa nyuma ya tumbo, wa kongosho na wa mifupa ya mgongo. Mgonjwa hupigwa picha, daktari hupima umbali kutoka kwenye ngozi na pembe ya kuingilia, huingiza sindano kidogo, hupiga picha tena kuhakikisha, kisha huendelea. Katika miaka ya karibuni serikali imesambaza mashine za CT katika hospitali za rufaa za mikoa, jambo lililofupisha safari za wagonjwa wa mikoa ya pembezoni. Hata hivyo, mashine na biopsi ni vitu viwili. Kupiga picha kunahitaji mashine na fundi wake; kuchoma sindano ndani ya pafu kunahitaji daktari aliyefunzwa kazi hiyo, na mgonjwa huweza kupigwa picha katika hospitali moja na kuchomwa katika nyingine.

MRI hutumia sumaku kubwa badala ya mionzi. Inaona vizuri ubongo, uti wa mgongo, misuli na tezi dume. Uvimbe wa ubongo huchomwa kwa hesabu zinazotokana na picha hizi au za CT, kupitia tundu dogo la fuvu, katika hospitali zenye madaktari bingwa wa upasuaji wa ubongo.

Pale ambapo kinyama hakichukuliwi

Si kila uvimbe unachomwa. Mtoto ambaye mboni ya jicho lake inang'aa nyeupe kama ya paka gizani hushukiwa saratani ya jicho ya watoto. Jicho hilo halichomwi sindano, kwa sababu kufanya hivyo kunaweza kuitoa saratani nje ya jicho. Picha na uchunguzi wa macho hutosha kuamua. Uvimbe wa korodani hauchomwi kupitia ngozi ya mfuko wake. Korodani yenyewe hutolewa kupitia sehemu ya kinena na kuchunguzwa yote. Mgonjwa mwenye makovu ya ini yaliyotokana na homa ya ini B, akiwa na uvimbe unaonyesha sura maalumu katika CT yenye dawa ya mishipa, anaweza kuanza tiba ya saratani ya ini bila sindano. Na makovu yanayoachwa na kichocho kando ya mishipa ya ini yana sura inayotambulika kwa altrasaundi pekee.

Kuyajua haya ni sehemu ya ujuzi. Daktari anayesema biopsi haihitajiki kwa mgonjwa fulani hamnyimi huduma. Anaifahamu njia ya ugonjwa huo.

Je, sindano husambaza saratani?

Swali hili huwarudisha watu nyumbani kuliko hata gharama. Husemwa mitaani kwamba uvimbe ukiguswa na chuma huamka, na wapo wanaotaja jirani aliyechukuliwa kinyama na kufariki baada ya miezi mitatu. Simulizi hiyo haitoki hewani. Watu wengi hufika hospitali ugonjwa ukiwa umekwisha kusambaa. Kinyama huchukuliwa, jina hupatikana, na mgonjwa hufa kwa ugonjwa aliokuja nao. Kwa mtazamaji, kifo kimeifuata sindano; kwa ukweli, sindano ilichelewa.

Uchunguzi wa miaka mingi umeonyesha kwamba seli kubaki katika njia iliyopita sindano na kuota hapo ni jambo la nadra. Katika saratani ya matiti, sindano haipunguzi nafasi ya mgonjwa kupona. Uwezekano huo ni mkubwa kidogo kwa uvimbe wa ini na kwa saratani za mifupa na misuli, na madaktari hupanga kwa kuujua: njia ya sindano huchaguliwa pamoja na daktari wa upasuaji, ili iondolewe na uvimbe siku ya upasuaji. Kinachoisambaza saratani kwa hakika ni muda.

Maandalizi na hatari zake

Biopsi nyingi hufanyika kwa ganzi ya sehemu, na mgonjwa hurudi nyumbani siku hiyohiyo. Kabla ya sindano nene kwenye ini au figo, damu hupimwa kuona wingi wa chembe sahani na muda wa damu kuganda. Mgonjwa anayetumia wafarini, aspirini au dawa nyingine za kuyeyusha damu lazima aseme mapema, na asiziache mwenyewe bila maelekezo. Vivyo hivyo dawa za mitishamba zitajwe bila aibu. Baadhi ya mimea huathiri ini na kuganda kwa damu.

Baada ya biopsi ya ini, mgonjwa hulala chini ya uangalizi kwa saa kadhaa, kwa kuwa damu inaweza kuvuja ndani. Baada ya biopsi ya pafu, hewa huweza kuvuja kati ya pafu na ubavu. Mara nyingi huisha yenyewe, na kwa wachache huhitajika mrija wa kuitoa. Baada ya biopsi ya tezi dume, damu kidogo kwenye mkojo au shahawa ni ya kawaida, lakini homa na kutetemeka ni dalili ya maambukizi na mgonjwa arudi hospitali mara moja. Kwa anayetoka mbali, busara ni kulala mjini usiku wa kwanza kabla ya kuanza safari.

Safari ya kinyama

Kinyama kikishatoka mwilini huanza kuoza. Kwa hiyo hutumbukizwa mara moja, na isizidi saa 1, katika fomalini ya asilimia 10, yenye ujazo wa mara 10 ya kinyama chenyewe. Fomalini hupenya taratibu, takriban milimita 1 kwa saa. Uvimbe mzima uliotupwa kwenye kichupa kidogo utakuwa mzuri nje na umeoza ndani. Pale kifua kikuu kinaposhukiwa, kipande kimoja huwekwa kando katika maji tasa ya chumvi bila fomalini, kwa kuwa fomalini huua vimelea na kuzuia kuoteshwa kwao. Kichupa huandikwa jina, umri na mahali kinyama kilipotoka, siyo kwenye kifuniko bali kwenye mwili wa chupa, maana vifuniko hubadilishana.

Karatasi ya maombi ina uzito sawa na kinyama. Mtaalamu wa patholojia hajamwona mgonjwa. Akiandikiwa tu kwamba ni uvimbe, atasoma akiwa gizani. Akiandikiwa umri, muda, ukubwa, sura ya picha na dawa zilizotumika, atajua la kutafuta. Katika maabara, kinyama hukaushwa maji, hugandishwa ndani ya nta, hukatwa vipande vyenye unene wa mikroni 3 hadi 5, hutiwa rangi ya zambarau na waridi, kisha husomwa.

Afrika Mashariki inayo historia yake katika safari hii. Mwaka 1958 Denis Burkitt, daktari wa upasuaji katika hospitali ya Mulago, Kampala, alichapisha maelezo ya uvimbe wa taya kwa watoto. Baadaye, mwaka 1961, alisafiri kwa gari karibu kilomita 16,000 katika hospitali za Afrika akiuliza ni wapi uvimbe huo unaonekana. Ramani yake ilionyesha ukanda wenye joto na mvua, uleule wenye malaria nyingi. Mwishoni mwa mwaka 1963, kinyama cha mtoto mmoja kilitumwa kwa ndege kutoka Kampala kwenda London. Ukungu uliilazimisha ndege kutua Manchester, na kinyama kilipofika maji yake yalikuwa yamegeuka meupe kana kwamba yameharibika. Anthony Epstein hakuyamwaga. Aliyatazama kwa hadubini na kukuta seli hai za uvimbe zikielea. Kutoka kwenye seli hizo yeye, Yvonne Barr na Bert Achong walitangaza mwaka 1964 kirusi kipya, cha kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu.

Limfoma hiyo, inayoitwa kwa jina la Burkitt, huweza kuongezeka ukubwa mara mbili ndani ya siku 1 au 2. Kwa mtoto wa taya lililofura, kungoja mavuno yauzwe ni kungoja sana. Lakini ni miongoni mwa saratani zinazoitikia dawa vizuri mno, na sindano nyembamba ya dakika chache huweza kulitaja jina lake siku hiyohiyo.

Kuyasoma majibu

Majibu ya biopsi huwa na maana yanapolinganishwa na picha na uchunguzi wa mkono. Picha ikionyesha uvimbe wa kutisha na kinyama kikasema tishu ya kawaida, moja kati ya mawili limetokea: picha ilitisha bure, au sindano haikugusa penyewe. Hapo biopsi hurudiwa, na kurudia huko si kosa. Vilevile maneno kwamba saratani haikuonekana yanahusu kipande kilichotumwa, si mwili mzima.

Majibu yasiyofuatiliwa ni sawa na yasiyokuwepo. Mgonjwa wa mbali aache namba ya simu iliyo hewani, ya kwake na ya ndugu mmoja. Aulize kinyama kimepelekwa maabara ipi, kwa namba gani ya kumbukumbu, na majibu yatarajiwe lini. Aulize gharama na bima kabla ya kuondoka nyumbani. Akipewa rufaa kwenda Mwanza au Dar es Salaam, aombe nakala ya majibu, picha zake, na ikiwezekana kipande cha nta kilichobaki, ili asichomwe upya kwa jambo lililokwisha kujulikana. Siku aliyotoa kinyama aiandike kwenye kadi yake. Wiki tatu zikipita bila neno, asisubiri kuitwa. Apige simu au amtume mtu.